Hadithi zisizo na sababu: Malalamiko ya mtazamaji wa Nyashimo

NDUGU msomaji, lipo jambo ambalo wazazi wengi hulisema majumbani kwa sauti ya chini, lakini ni nadra kulisikia likijadiliwa hadharani. Jambo hilo ni kuvunjika moyo kwao kutokana na filamu na tamthilia za siku hizi. Hukaa mbele ya televisheni baada ya swala ya Isha, watoto wakiwa wamekwisha kula, wakitaraji hadithi itakayowaburudisha na pengine kuwaachia funzo. Hadithi inapokwisha, au tuseme inapokatwa ili iendelee kesho, huinuka wakiwa na uzito moyoni ambao hawaelewi umetoka wapi.

Tunapoulizwa kuhusu uzito huo, aghalabu tunataja mavazi yasiyo na staha, maneno machafu na mapenzi yanayooneshwa mbele ya watoto na wakwe. Hayo ni kweli, na yamekwisha kusemwa sana. Lakini hebu tujiulize: kama mavazi yangerekebishwa kesho na matusi yote yakafutwa, je, tungeridhika? Yumkini tusingeridhika. Chini ya kasoro hizo ipo nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba hadithi nyingi tunazooneshwa zimeacha kusema kweli juu ya sababu za mambo. Mtu anatajirika, hatuambiwi kwa kazi gani. Mtu anaugua, tunaambiwa amerogwa. Ndoa inavunjika, tunaambiwa jirani ana husuda. Swali la "kwa nini" ama halijibiwi kabisa, ama linajibiwa kwa uongo.

Tutazame kutokea Nyashimo

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Mkoa wenyewe ulianzishwa Machi 2012, na Busega ikamegwa kutoka Wilaya ya Magu iliyokuwa mkoani Mwanza. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wasukuma. Wanalima pamba, mpunga na mahindi, wanafuga ng'ombe, na walio karibu na Ziwa Victoria huvua samaki na dagaa. Waislamu wa hapo wanaishi bega kwa bega na majirani wa imani nyingine, wakikutana nao sokoni, hospitalini na misibani.

Mkazi wa mahali kama hapo hahitaji kufundishwa kwamba mambo yana sababu. Anajua kuwa mvua ikichelewa pamba haistawi, na bei ya pamba ikianguka ada ya shule haipatikani. Anajua kuwa mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa nuru ya mwezi huzishinda taa zao. Anajua pia kwamba jirani aliyejenga nyumba ya bati aliuza ng'ombe wangapi, na alisubiri misimu mingapi.

Mtu huyo huyo akiwasha televisheni hukutana na kijana mwenye jumba la ghorofa na magari matatu, ambaye tangu hadithi ianze mpaka inakwisha hajaonekana akifanya kazi hata kwa saa moja. Hukutana na mke ambaye shughuli yake yote ni kupanga hila dhidi ya mke mwenzake. Mkulima na mvuvi hawaonekani. Wakionekana, wameletwa ili wachekwe. Lafudhi ya Kisukuma imefanywa kichekesho, na mtu atokaye kijijini huoneshwa akishangaa taa za mjini kana kwamba hana akili. Mtoto wa Nyashimo anayetazama hayo kila usiku anajifunza mambo mawili: kwamba utajiri hauna mlango wa kuingilia, na kwamba baba yake ni mzaha.

Jambo hili linasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba mwigizaji aliyejulikana kuliko wote katika filamu za Kiswahili, marehemu Steven Kanumba, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alifariki dunia Aprili 7, 2012, wiki chache tu baada ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa, na mazishi yake jijini Dar es Salaam yalihudhuriwa na umati mkubwa wa watu. Kanda hii ilitoa nyota wa filamu. Hata hivyo, hadithi nyingi za tasnia aliyoitumikia zilibaki katika sebule za mjini, na nyingi zikapewa majina ya Kiingereza, kuanzia Girlfriend ya mwaka 2003 hadi Dar to Lagos ya mwaka 2006 aliyoigiza yeye mwenyewe. Usukuma ulitoa mwigizaji, lakini haukuombwa utoe hadithi.

Bibi mwenye macho mekundu

Kuna hadithi ambazo uongo wake humpotezea mtu saa moja ya jioni, na kuna nyingine ambazo uongo wake huweza kupoteza roho ya mtu. Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la burudani peke yake.

Filamu za mambo ya uchawi na majini zina historia ndefu kwetu. Katika miaka ya 2000 filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, za mwongozaji Mussa Banzi, zilijipatia jina kubwa. Hizo zilikuwa wazi, kwani mtazamaji aliona kiumbe wa ajabu, akaogopa, kisha akarudi katika maisha yake akijua kwamba alikuwa akitishwa kwa makusudi. Hatari kubwa zaidi imo katika tamthilia za kawaida za kifamilia, na sasa katika vipande vifupi vinavyozunguka kwenye simu, ambamo uchawi hauletwi kama jambo la kutisha bali kama maelezo. Mtoto haelewi masomo: karogwa. Biashara imefilisika: kuna mkono wa mtu. Msichana hajaolewa: nyota yake imechukuliwa. Na mkono huo, mara nyingi mno, ni wa mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Mtazamaji wa Dar es Salaam anaweza kuyacheka hayo akaenda kulala. Mtazamaji wa Kanda ya Ziwa hana nafasi hiyo. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambayo maeneo ya Simiyu ya leo yalikuwa sehemu yake, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya alama walizohukumiwa kwazo ni macho mekundu. Sababu ya macho hayo inajulikana. Ni moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe, uliowaingia machoni kwa miaka mingi walipokuwa wakiwapikia watoto wao na wajukuu wao. Ujira wa kulea ukageuzwa kuwa ushahidi wa kuua.

Kisha kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyochochewa na uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Mwaka 2015 Serikali ikatangaza tena hatua dhidi ya waganga wasiosajiliwa na wapiga ramli chonganishi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa ametenda kosa yule anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi.

Hakuna anayesema kwamba filamu ndiyo iliyoshika panga. Imani hizo zilikuwapo kabla ya televisheni ya kwanza kuwashwa Tanzania Bara mwaka 1994. Lakini ramli chonganishi ni nini, ndugu msomaji, kama si hadithi? Ni mtu anayelipwa ili akusimulie kisa cha msiba wako na kukutajia jina la mhusika. Filamu inayomtaja bibi kuwa chanzo cha maradhi, kisha ikathibitisha kwa picha kwamba kweli ndiye, imefanya kazi ya mpiga ramli, isipokuwa kwamba wateja wake ni maelfu kwa usiku mmoja. Nasi tunajua jinsi Suratul Hujurat ilivyotukataza kufuata dhana na ilivyotuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga.

Kanzu ya mganga

Familia za Kiislamu zina lalamiko jingine la ziada. Katika filamu nyingi za Kiswahili, mganga mwenye kupiga ramli huvishwa kanzu na kofia, akapewa tasbihi mkononi, na akasemeshwa maneno ya Kiarabu nusu nusu. Mtoto anayerudi madrasa akiwa amevaa kanzu yake anaiona kanzu hiyo hiyo kwenye kioo, ikiwa vazi la tapeli.

Tuwe waadilifu katika hili. Msanii hakulitunga jambo hilo kutoka hewani. Wapo watu wanaotumia vitabu vya dini kupiga bao na kuagua kwa malipo, na jamii yetu inawajua, na wapo miongoni mwetu wanaowaendea usiku. Tukimtaka msanii asiwaoneshe kabisa, tutakuwa tunamwomba atufichie aibu. Tunachopaswa kumdai ni kwamba aseme kweli yote. Aoneshe mtu huyo anavyomhoji mteja kijanja kabla ya "kutabiri". Aoneshe fedha zinavyopita mkono hadi mkono, na mji unavyobaki na chuki baada ya yeye kuondoka. Na pembeni yake aoneshe pia mwalimu wa madrasa anayefundisha kwa ujira mdogo, ambaye katika filamu zetu hajulikani alipo. Akifanya hivyo hatakuwa ametutukana, atakuwa ametunasihi.

Historia iliyovishwa mapambo

Wazazi wengi, baada ya kuzichoka filamu za nyumbani, walikimbilia tamthilia za Kituruki. Walidhani wamepata kimbilio, kwani humo kuna misikiti, kuna salamu, na kuna majina ya wafalme wa Kiislamu. Hapana shaka zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Lakini hata huko swali la sababu linatufuata.

Tamthilia ya Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa Uturuki kati ya mwaka 2011 na 2014 na kuja kwetu kwa Kiswahili kwa jina la Sultan, inamhusu Sultani Suleiman aliyetawala tangu 1520 hadi 1566. Huyu ni mtawala ambaye kwao huitwa Kanuni, yaani mtoa sheria, na ambaye mauti yalimkuta akiwa katika safari ya vita huko Hungaria. Mtazamaji wa tamthilia hiyo huweza kudhani kwamba dola hiyo kubwa iliendeshwa kwa wivu wa wanawake wa kasri, maana sehemu kubwa ya hadithi imo humo. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani kwa kumpotosha Suleiman.

Diriliş: Ertuğrul, iliyorushwa kati ya 2014 na 2019, inapendwa zaidi na familia za Kiislamu, kwani staha yake ni bora na ujumbe wake ni wa ushujaa. Hata hivyo, wanahistoria wana maandishi machache mno kuhusu Ertuğrul yaliyoandikwa zama zake mwenyewe. Miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa ni sarafu ya mwanawe Osman yenye jina la baba huyo. Kwa hiyo mamia ya saa za vita, njama na mazungumzo ni ubunifu wa waandishi. Kubuni si dhambi ya msanii. Tatizo ni pale kijana wetu anapoamini kwamba amesoma historia, na kwamba Waislamu walishinda kwa sababu ya upanga wa shujaa mmoja na wakashindwa kwa sababu ya msaliti mmoja. Elimu, biashara, kilimo, mahakama na uadilifu wa watawala, mambo yaliyojenga miji na kuidumisha, hayana nafasi katika simulizi hiyo. Msaliti wa Kituruki na bibi mchawi wa Kisukuma wanafanya kazi moja: wanatuondolea taabu ya kutafuta sababu.

Wasanii nao wana la kusema

Haitakuwa haki kuwatupia lawama wasanii peke yao. Katika zama za diski, filamu moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, kwa kuwa nakala za wizi zilikuwa zikila mapato ya watengenezaji. Mwaka 2013 ndipo stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki ili kupambana na wizi huo. Filamu iliyopigwa picha kwa siku chache na kwa fedha kidogo haina muda wa kueleza kwa nini mtu amekuwa alivyo. Uchawi ni maelezo ya bei nafuu: haudai utafiti, wala haudai mwandishi mzuri.

Leo mambo yamehamia katika ving'amuzi na simu, na kishawishi kimegeuka. Zamani hadithi ilikatwa vipande viwili. Sasa inavutwa isikome, kwa sababu chaneli inahitaji kitu cha kuonesha kila jioni. Tamthilia isiyokuwa na mwisho haiwezi kuwa na matokeo, na tendo lisilokuwa na matokeo halina funzo. Mdhalimu hadhalilishwi, kwa kuwa anahitajika msimu ujao.

Ipo Bodi ya Filamu, iliyowekwa na Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, yenye kazi ya kukagua filamu na kuzipanga kwa umri wa watazamaji. Lakini bodi inaweza kupima maneno na picha. Haiwezi kumlazimisha mtunzi aseme kweli juu ya maisha.

Mifano ya kheri ipo

Atakayesema kwamba hayo hayawezekani na atazame nyuma kidogo. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam, Machi 25, 2013. Beijing ni mbali, na mila zao si zetu. Lakini ugomvi wa mkamwana na mkwe ulielezwa kwa sababu ambazo kila nyumba inazijua: nafasi finyu, fedha, mapenzi ya mama kwa mwanawe, na maneno yaliyosemwa kwa haraka. Hakuna aliyerogwa.

Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2012, ilisimulia maisha ya Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo. Si kila onesho lake litafaa mbele ya watoto, lakini kila tendo ndani yake lilikuwa na gharama, na mtendaji aliilipa. Filamu ya Aisha ya mwaka 2015, iliyotengenezwa Pangani na shirika la UZIKWASA, ilionesha jinsi mwanamke anavyobakwa na jinsi jamii inavyochagua kunyamaza. Haikumsingizia jini, ilitunyooshea kidole sisi.

Na wazazi wengi wangali wanaikumbuka The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Pamoja na mabishano yaliyoizunguka, filamu hiyo haikumwonesha Mtume (S.A.W.) wala haikusikizisha sauti yake. Pia ilieleza kwa nini wakubwa wa Makka walimpinga: biashara yao na hadhi yao vilitegemea masanamu. Mtazamaji alitoka akiwa ameelewa jambo, si akiwa amechukia watu tu.

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, tusiwaache watoto watazame peke yao kisha tukalalamika. Mzazi akae nao, na hadithi inapokwisha awaulize maswali matatu mepesi. Mtu huyu mali yake ameipata wapi? Tumejuaje kwamba fulani ndiye mwenye kosa? Na je, mambo haya yangetokea hapa Nyashimo, yangekwendaje? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi na filamu, wala na mpiga ramli, wala na uvumi wa mtaani.

Pili, tuwe tayari kuilipia kazi njema. Anayenakili kazi ya mwenzake bila idhini kisha akalalamika kwamba filamu nzuri hazitengenezwi, anakata tawi alilolikalia. Na pale kituo kinaporusha jambo la kumdhulumu mzee, mtu mwenye ualbino au mkulima, tuwaandikie wahusika kwa adabu na kwa hoja, tukitaja onesho lenyewe na kosa lake.

Tatu, tusimulie hadithi zetu. Mvuvi anayerudi alfajiri na ndoo moja ya dagaa na deni la mafuta ya taa ana kisa. Mama aliyeuza maandazi hadi akamfikisha binti yake chuoni ana kisa. Kijana aliyesimama mbele ya kundi lenye hasira akamkinga jirani yake mzee ana kisa kikubwa zaidi. Visa hivyo vina sababu, vina matendo na vina matokeo, na havihitaji jumba la ghorofa ili vipigwe picha.

Ndugu msomaji, kuvunjika moyo kwa mtazamaji si ubishi wala si ushamba. Ni dalili kwamba bado anajua hadithi ni amana, na kwamba anayemsimulia mwenzake anabeba jukumu la ushahidi. Katika nchi ambayo bibi ameweza kuhukumiwa kwa rangi ya macho yake, swali la "umejuaje?" ni kinga ya maisha ya mtu. Na tulifundishe sebuleni, mbele ya televisheni, kabla halijahitajika nje usiku.